Mbwa Naye Anahama: Kumzoesha Makao Mapya

Mwisho wa mwezi ukifika, barabara ya kutoka Kisumu kuelekea Busia huwa na pikapu nyingi zilizopakia magodoro, makochi, masufuria na mitungi ya gesi. Familia zinaacha nyumba za kupanga Manyatta, Nyalenda au Kondele na kuingia Otonglo, Riat na Kisian, wengine katika nyumba walizojijengea, wengine katika ploti nyingine ya kupanga. Kila kitu kimehesabiwa. Mbwa ndiye hukumbukwa mwisho, na mara nyingi hatima yake huamuliwa injini ikiwa tayari inanguruma: apandishwe juu ya godoro, au aachwe kwa matumaini kwamba wapangaji wapya watamtunza.

Matokeo ya uamuzi huo wa haraka huonekana vijijini na sokoni. Mbwa aliyeachwa hukaa mlangoni siku kadhaa akingoja, kisha njaa humpeleka kwenye majalala na kumwingiza katika kundi la wengine kama yeye. Aliyepakiwa bila maandalizi hutoroka usiku wa kwanza akitafuta nyumba anayoijua, na kwa Kisian njia hiyo hupita karibu na makutano ya barabara ya Busia na ile ya Bondo na Usenge, ambako malori hayamngoji mtu, sembuse mbwa. Naye asiyetoroka huenda akamuuma mtoto wa jirani ambaye hajawahi kumwona. Mambo haya yote yanazuilika, tena bila gharama kubwa, ikiwa mwenye mbwa atajua mnyama wake anapitia nini.

Jambo hili si la mwenye mbwa peke yake. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kulinda maslahi yao, na katika kipengele hicho kinachotajwa kwanza ni utoaji wa leseni za mbwa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nayo inamhesabia kosa mwenye mnyama anayempiga kikatili au kumnyima chakula na maji. Kumfungia mbwa katika ua wa nyumba tupu na kuondoka ni kumnyima vyote viwili.

Kwa nini mbwa husumbuka

Binadamu akihama anajua sababu yake. Kodi imepanda, kazi imehamia kwingine, nyumba imekamilika. Mbwa hajui lolote kati ya hayo. Yeye huishi kwa pua kuliko kwa macho: ndani ya pua yake mna vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, wakati mtu ana takriban milioni 5 hivi. Boma lake la zamani alilijua kwa harufu ya kila nguzo, kila kichaka, kila kiatu kilichowekwa mlangoni. Alijua mbwa wa jirani amepita saa ngapi na bodaboda ya mwenye nyumba inasikikaje kabla haijafika getini. Siku moja vyote hivyo vinatoweka, na watu anaowategemea wamechoka, wana haraka, wanapigiana kelele.

Zamani tatizo hili lilikuwa dogo zaidi. Katika desturi ya Wajaluo, mwanamume anayekwenda kuanzisha dala lake hubeba jogoo na shoka, akifuatana na mwanawe mkubwa, na moto huwashwa katika boma jipya. Mbwa hatajwi katika utaratibu huo, na pengine hakuhitaji kutajwa. Dala jipya mara nyingi lilikuwa mwendo mfupi kutoka kwa baba, ardhi ilikuwa wazi, na mbwa aliweza kwenda na kurudi kati ya maboma mawili mpaka mwenyewe akaamua wapi ni kwao. Siku hizi kuna barabara ya lami katikati, kuna kuta za mawe, na kuna majirani wasiomfahamu.

Kabla ya gari kuja

Kazi ya kwanza ni ya daktari wa mifugo. Mbwa anayehama apate chanjo ya kichaa cha mbwa ikiwa hana, au ikiwa mwaka umepita tangu achanjwe mara ya mwisho. Chanjo huchukua majuma kadhaa kujenga kinga kamili, hivyo isingojee siku ya mwisho. Watoto wa mbwa huchanjwa wakifikisha umri wa miezi 3. Cheti cha chanjo kiwekwe pamoja na vitambulisho vya familia, kwa sababu siku mbwa atakapomkwaruza mtu, karatasi hiyo ndiyo itakayoulizwa kwanza. Anayehamia kaunti nyingine aulize katika ofisi ya mifugo iliyo karibu kuhusu kibali cha kusafirisha mnyama kabla ya siku ya safari, asije akaulizwa kwenye kizuizi cha polisi.

Pili ni mkanda wa shingo. Mbwa wengi wa kienyeji hawajawahi kufungwa kamba maishani mwao, na kumfunga kwa mara ya kwanza siku ya kuhama ni kumtia hofu mbili kwa pamoja. Avishwe mkanda wiki mbili mapema, autembelee nao nyumbani, azoee kuongozwa kwa kamba dakika chache kila jioni. Nambari ya simu ya mwenyewe iandikwe juu ya mkanda kwa kalamu isiyofutika. Mkanda wa plastiki uliokatwa kutoka kwenye mtungi wa maji unatosha kubeba nambari hiyo, mradi usimkwaruze.

Mwenye nyumba mpya aulizwe waziwazi kama anaruhusu mbwa. Swali hili huepukwa kwa kuogopa jibu, kisha mbwa huletwa usiku na kufukuzwa asubuhi, na hapo ndipo mtaa unapopata mbwa mwingine wa kuzurura. Jibu likiwa hapana, bado kuna muda wa kumtafutia jamaa au rafiki wa kumchukua, akabidhiwe mkononi pamoja na cheti chake.

Ikiwezekana, mbwa apelekwe mara moja au mbili kuona mahali papya kabla ya kuhama. Anusenuse ua, apewe kipande cha ugali hapo, arudi nyumbani. Kwa familia inayojenga Kisian na kuja kuangalia mafundi kila Jumamosi, hili halina gharama hata kidogo: mbwa aje nayo.

Siku yenyewe

Chakula kizito apewe angalau saa nne au tano kabla ya safari ili asitapike njiani, lakini maji asinyimwe. Siku hiyo geti hufunguliwa na kufungwa mara nyingi, na wengi hupotea wakati huo. Ni afadhali afungiwe katika chumba kimoja tangu asubuhi mpaka mzigo wote utoke.

Kuhusu usafiri, kuna njia mbili zinazopaswa kuachwa. Moja ni kumtia mbwa guniani na kumfunga nyuma ya bodaboda. Nyingine ni kumweka kwenye buti ya gari iliyofungwa. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu. Hupoza mwili kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na katika joto la Kisumu mahali pasipo hewa panaweza kumuua kwa muda mfupi. Akae ndani ya gari miguuni mwa mtu anayemjua, au nyuma ya pikapu akiwa amefungwa kamba fupi, mtu akiwa pembeni yake. Kamba ikiwa ndefu akaruka, itamnyonga. Dawa za usingizi au za maumivu za binadamu asipewe. Baadhi yake, kama ibuprofen, humharibu tumbo na figo.

Kitu kimoja kisifuliwe: gunia au blanketi analolalia. Akina mama wengi huona ni aibu kuingia nyumba mpya na tambara chafu, na ni kweli linanuka. Lakini harufu hiyo ndiyo kitu pekee cha nyumba ya zamani ambacho mbwa ataingia nacho katika ile mpya. Litafuliwa mwezi ujao.

Siku za kwanza

Wanaofuga mbwa hupenda kusema kwamba mnyama huhitaji siku tatu kutulia, wiki tatu kuzoea utaratibu na miezi mitatu kuona kwamba hapo ni kwao. Si hesabu ya maabara, na mbwa mzee au aliyewahi kuteswa atachukua muda zaidi, ila humsaidia mwenyewe asikate tamaa mapema. Siku mbili tatu za kwanza mbwa anaweza kujificha chini ya gari, kukataa kula, kukojoa ndani au kulia usiku. Akipigwa kwa ajili hiyo, atajifunza kwamba mahali hapa papya ndipo panapopigwa watu wake.

Kinachomtuliza zaidi ni mambo yasiyobadilika. Kama alikuwa akila saa moja jioni ugali na supu ya mifupa au vichwa vya samaki vilivyosagwa, aendelee hivyo hivyo, kwa sahani ile ile, kutoka kwa mkono ule ule. Huu si wakati wa kumwanzishia chakula cha dukani. Mara mbili kwa siku azungushwe kwa kamba pembezoni mwa boma, polepole, aachwe anuse na kukojoa kwenye ua. Kwa njia hiyo anajiwekea mipaka. Baada ya siku chache mzunguko uongezwe ufike barabarani na kurudi, ili ajue njia ya kuja nyumbani kutoka kila upande.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni afungwe kwa muda gani. Katika boma lisilo na ukuta, asiachiwe peke yake kwa wiki mbili hadi tatu za kwanza. Hilo halimaanishi kufungwa mnyororo mchana na usiku chini ya mti. Mbwa anayefungwa hivyo huwa mkali, si mlinzi mzuri, na tofauti hiyo hujulikana siku mnyororo unapokatika. Afungwe kwa kamba ndefu penye kivuli na maji wakati watu hawapo, atembezwe asubuhi na jioni, na usiku alale karibu na mlango au katika banda lenye geti.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: kuhama karibu ni kugumu kuliko kuhama mbali. Mbwa aliyetoka Nakuru akitoroka Kisian hana pa kwenda na huzunguka karibu. Aliyetoka Otonglo anaijua njia. Kwa hiyo anayehama kilomita chache aache nambari yake kwa jirani wa zamani na mpangaji mpya, awaombe wasimlishe mbwa akitokea huko bali wampigie simu. Akilishwa mara moja tu, atarudi kila wiki, na kila mara atavuka barabara ile ile. Akifuatwa achukuliwe kwa upole, arudishwe, na muda wa kamba uanze upya.

Dume asiyehasiwa hutoroka zaidi kuliko wengine kwa sababu hufuata majike. Kuhasi dume na kufunga kizazi cha jike hupunguza tabia hiyo, na huzuia watoto wasiohitajika ambao huishia sokoni.

Majirani, mifugo na omena

Kisian ina mambo yake. Kando ya ziwa, familia zinazoishi kwa biashara ya samaki huanika omena juani juu ya nyavu kuukuu, na mbwa mgeni haoni hapo mali ya mtu, anaona karamu. Debe moja la omena likiliwa ni hasara kwa mama aliyekopa kulinunua. Ugomvi wa namna hiyo umeishia mara nyingi kwa sumu iliyopakwa kwenye kipande cha nyama, na sumu haichagui mbwa. Huua paka na kuku, na mtoto anayetambaa yumo hatarini. Ni vyema mwenye mbwa apite kwa majirani wiki ya kwanza, mbwa akiwa kwenye kamba, aeleze kwamba ni mgeni na aache nambari ya simu. Dakika kumi za salamu huzuia kesi ya mwezi mzima kwa mzee wa mtaa.

Mbwa aliyekulia ploti ya mjini huenda hajawahi kuona mbuzi. Asiachiwe aanze kwa kuwafukuza, kwani mchezo huo akiuonja hauachi kwa urahisi. Akae kwenye kamba umbali wa hatua kadhaa kutoka kwa kuku na mbuzi, apewe kitu cha kula akitulia, asogezwe polepole siku hadi siku. Watoto nao wafundishwe: wasimsogelee anapokula, wasimwamshe kwa kumshika, wasimkimbie. Watoto wa jirani wafundishwe hivyo hivyo, maana wao ndio huingia getini kufuata mpira.

Kelele ni jambo jingine. Ndege zinazotua na kupaa Kisumu, reli ya Butere inayopita hapo hapo, honi za malori kwenye makutano, radi za alasiri: mbwa wa kutoka kijiji tulivu atashtuka. Wakati wa radi asifungwe nje. Aingizwe ndani au kwenye banda, na watu waendelee na shughuli zao kama kawaida.

Pembeni mwa ziwa na kwenye nyasi ndefu kuna kupe wengi, na kupe hubeba magonjwa ya damu yanayomfanya mbwa apate homa, akose nguvu na ufizi wake uwe mweupe. Akaguliwe masikioni na katikati ya vidole kila baada ya siku chache. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa kukisia. Kipimo cha ng'ombe kinaweza kumuua mbwa, na daktari wa mifugo ndiye wa kuulizwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwani huvunjika vipande vikali; miiba ya mbuta na ngege vilevile.

Huzuni au ugonjwa?

Hapa pana haja ya kuwa makini. Mbwa aliyehama hujificha, hukataa chakula, huonekana si yule wa jana. Dalili za mwanzo za kichaa cha mbwa zinafanana na hizo. Mwenye mbwa aliyemchanja kwa wakati, tena anayejua alikotoka, ana sababu ya kuwa na subira. Aliyepewa mbwa juzi kwa njia isiyojulikana hana, kwa kuwa mbwa aweza kuwa na virusi mwilini kwa wiki au miezi kabla ya kuugua, na chanjo ya leo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa.

Mbwa mwenye huzuni hujificha lakini humjua mtu wake, hunywa maji, na hali yake huwa nafuu kidogo kila siku. Mbwa anayezidi kubadilika kila siku ni wa kuogopwa: sauti imekauka, taya limelegea, mate yanamtoka, hawezi kumeza, anauma mawe na vijiti, anayumba. Asiguswe, asipewe dawa mdomoni, asichinjwe ovyo. Afungiwe mahali alipo ikiwezekana bila kumkaribia, na afisa wa mifugo wa wadi au chifu aarifiwe mara moja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni watu wa Afrika na Asia. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba. Kenya ina mkakati uliozinduliwa mwaka 2014 wa kutokomeza vifo hivi ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika kila eneo. Kiwango hicho hushuka kila mara mbwa wasiochanjwa wanapoingia na waliochanjwa wanapopotea, hivyo kila pikapu inayoingia Kisian na mbwa ama inakipandisha au inakishusha.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, hata na mbwa wa nyumbani, kidonda kioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisipakwe grisi, majivu wala majani. Aliyeumwa aende hospitali siku hiyo hiyo, na sindano zote alizopangiwa azimalize hata kidonda kikipona. Mbwa aliyeuma asiuawe ikiwa anaweza kufungiwa salama; atazamwe na afisa wa mifugo kwa siku 10, kwani hali yake katika siku hizo humsaidia daktari kuamua matibabu.

Wanaohama bila kupanga

Si kila kuhama kuna wiki mbili za maandalizi. Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kupita rekodi ya mwaka 1964, na familia nyingi za ufukweni ziliondoka na walichoweza kubeba. Mbwa wengi walibaki kwenye maboma yaliyozungukwa na maji. Kwa wanaoishi chini karibu na ziwa au mito, mkanda wa shingo na kamba vining'inie karibu na mlango msimu wa mvua unapoanza, na cheti cha chanjo kiwe ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vitambulisho. Asiyeweza kumbeba mbwa asimwache amefungwa. Amfungue, kwani aliyefunguliwa ana nafasi ya kuogelea hadi pakavu. Maji yakishapungua na familia ikarudi au ikatulia kwingine, aliyepatikana achunguzwe na kuchanjwa upya kabla ya kuachiwa pamoja na watoto.

Ofisi za mifugo za kaunti ndogo hupokea maswali kuhusu chanjo, kuhasi na mbwa waliopotea siku za kazi. Kampeni za chanjo nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na vituo hutangazwa kupitia machifu. Mbwa aletwe na mtu mzima anayemjua, akiwa amefungwa kamba. Watoto wasitumwe naye peke yao.